Nusu ya Betri Ni Yangu

Sijui nani aliwaambia watu wa kwetu kwamba mjane akiwa na kitu chenye taa, basi hizo taa ni za kijiji kizima. Mimi nina tela la kambi. Ni kijumba cha bati juu ya magurudumu mawili, kina vitanda viwili, jiko la gesi, friji dogo, pampu ya maji na taa sita. Marehemu mume wangu alilinunua kwa mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa anarudi kwao. Mume wangu alipofariki nikajifunza kulivuta mwenyewe kwa gari letu kuukuu, mpaka kurudi nalo kinyumenyume kwenye tope. Wageni wananikodi niwapeleke ziwa Ngosi, maporomoko ya Kaporogwe, Daraja la Mungu. Wao wanalala ndani, mimi nalala kwenye hema pembeni. Ndiyo kazi yangu, sina nyingine.

Tela hilo lina betri zake, mbali na ile ya gari, na zinachajiwa na sola iliyoko juu ya paa. Zilikuwa tatu, kubwa, za maji, na zote tatu zilikufa ndani ya mwaka mmoja. Zilifia misibani.

Nieleze. Kwetu Kawetele mtu akifa, kila mwenye kitu anakipeleka. Mwenye turubai analeta turubai, mwenye sufuria la kupikia watu mia analeta sufuria, mwenye migomba anakata mikungu. Mimi nikawa mwenye umeme. Siku tatu tela linakaa uwanjani kwa wafiwa, spika zimechomekwa, simu za ukoo mzima zimepangwa juu ya kitanda changu zinachaji. Na mvua ya Rungwe ikishaanza, sola inanyeshewa tu kama bati jingine. Betri ya maji ukiinyonya mpaka mwisho mara mbili tatu, imekwenda hiyo. Nilijua, na nilinyamaza. Mume wangu alipofariki watu hawa hawa walichimba kaburi kwenye mvua na kunitekea maji wiki nzima. Ningeanzaje kumwambia mtu achomoe spika?

Basi yakanikuta. Nilipeleka familia moja Ngosi na betri zile mahututi, asubuhi pampu haivuti maji, nyama imeharibika kwenye friji, mtoto wao analia. Waliondoka siku hiyo hiyo wakawaambia na wenzao. Kwa miezi sikupata mgeni. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaanza wimbo wake: mwanamke wa umri wangu anahangaika na tela la nini, tuling'oe magurudumu, tulipeleke mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu mjini, niwe nauza chipsi dirishani. Alikuwa ameshanitafutia sehemu na kuzungumza na mwenye kiwanja. Mimi nikaange chipsi ndani ya tela la mume wangu! Nilimwambia kwanza anizike.

Ndipo wakajitokeza watatu kutoka Mbeya, watu wa kutazama ndege wa porini. Walitaka niwapeleke kila mwezi, lakini mkubwa wao alikuwa amesikia habari za Ngosi. Akaniambia kwa upole kwamba watajaribu mara moja. Sikuhitaji kufafanuliwa. Maji yasipotoka siku hiyo, tela linakwenda Bagamoyo.

Nikashuka Tukuyu kutafuta betri. Muuzaji ni mtu ninayemfahamu, babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na dukani kwake hapakosi wanaume waliokaa tu. Kwetu betri inachaguliwa kwa mikono. Unaiinua. Ikikuvunja mgongo, ni nzima. Ikiwa nyepesi, umeuziwa boksi. Nami nilizichagua hivyo hivyo zile tatu za kwanza, nilizinyanyua moja moja nikajiona mjanja. Safari hii wanaume wale wakaniinulia nyingine za maji, wakanionyesha mishipa ya shingo ilivyowasimama, wakasema mama chukua hii, hii ni betri.

Muuzaji akatoa moja ya lithiamu. Niliishika kwa mkono mmoja. Dukani walicheka, mmoja akaitikisa sikioni kusikia kama kuna kitu. Nilimuuliza muuzaji maswali kama polisi. Akanieleza kwamba hiyo moja inafanya kazi ya zile zangu mbili na zaidi, kwamba inachajiwa hata na gari likiwa safarini tukifunga kifaa chake, na kwamba inajikata yenyewe kabla haijaharibika. Kuna kidude cha kupimia unachokipangia wewe ikate umeme ikifikia wapi.

"Ipange ikate ikibaki nusu," nikamwambia.

Akashangaa. Akasema hiyo si ya maji, inaweza kwenda chini sana bila kudhurika, nusu ni kuionea. Nikamwambia betri haina shida, mwenye shida ni mimi. Nusu ya kwanza watu watumie. Nusu ya pili ni ya kazi yangu. Alinitazama, akaelewa, akaipanga. Akanionyesha na kitufe cha kurudisha umeme nikitaka. Kisha akaninong'oneza kwamba watu wakiniuliza niseme tu ni mashine, mashine haina ndugu.

Haikupita wiki akafariki mzee jirani yangu, mtu mwema, aliyekuwa akinigawia mbegu za viazi kila msimu. Ilikuwa Jumatano. Wageni wangu walikuwa wanakuja Jumamosi. Vijana wa msibani walikuja kulichukua tela, nikalivuta mwenyewe mpaka uwanjani kwake. Ningekataaje kwa mzee yule? Mvua ilinyesha Jumatano yote. Alhamisi tukamzika, mvua ikanyesha tena, na spika zikawa zinapiga nyimbo za kwaya kutoka kwenye flashi. Kwaya yenyewe imekaa pale pale kwenye benchi, inajisikiliza.

Saa kumi alasiri, kimya. Umeme ukakatika katikati ya ubeti.

Watu wakageuka. Vijana wakaingia kwenye tela, wakagusa waya, wakatoka. Shemeji akaniita mbele ya wote akauliza kimeharibika nini. Maneno ya muuzaji yalikuwa mdomoni, nilihitaji kuyatema tu: ni mashine. Kila mtu angenipa pole, yangeisha. Na kesho yake wangetafuta fundi wa kuniondolea huo ubovu. Nasema kweli, nilihisi haja ndogo inanibana kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Hakijaharibika kitu," nikasema. "Betri ni nzima. Nimeizima mimi. Nusu iliyobaki ni ya wageni wangu, na hiyo siitoi."

Ilikuwa kama nimetukana. Mzee mmoja alisonya. Kina mama wa jikoni waliacha kumenya ndizi. Shemeji alishika kiuno, akanisogelea, na hakupunguza sauti.

"Na siku yako, shemeji? Ukifa wewe unataka tukae gizani?"

"Mimi mtanizika mchana."

Aliyecheka wa kwanza ni mfiwa mwenyewe, mke wa marehemu. Alicheka ndani ya kanga yake mpaka mabega yakatikisika, halafu kicheko kikageuka kilio, na wanawake wakamkumbatia wakalia naye. Mwalimu wa kwaya akatazama benchi lake, akaona haya, akasimama. Wakaimba kwa midomo yao. Shemeji akaondoka akaenda kusimama na wanaume. Mimi nikaingia jikoni nikachukua kisu. Hakuna aliyenisemesha mpaka giza linaingia, na rundo langu la ndizi lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote.

Ijumaa nikabonyeza kile kitufe cha kurudisha umeme, nikalifunga tela kwenye gari. Hakuna aliyekuja kunielekeza nikirudi kinyumenyume, nilirudi mwenyewe. Shemeji hakunisalimia, na mpaka leo ananisalimia kwa sababu tu adabu inamlazimisha.

Jumamosi wale watatu walilala chini ya msitu wa Ngosi. Baridi ilikuwa kali, ukungu hauonyeshi hata bawa la ndege. Asubuhi mkubwa wao alifungua bomba kabla hajanisalimia, najua alikuwa ananipima. Maji yakatoka. Akanawa uso taratibu, akajifuta, akauliza kama mwezi ujao nina nafasi. Nikamwambia ninayo.

Nikaenda nyuma ya gari nikalia sana. Namlilia nani, sijui, labda yule mzee wa mbegu za viazi, ambaye nilimnyima nyimbo siku ya mazishi yake. Lakini nikirudishwa siku ile, uwanja ule ule na macho yale yale, nazima tena, na safari hii sisubiri saa kumi.