Manyoya ya Chiriku

Harufu ya pumba za mchele bado hunirudisha Ilomba, uani kwetu, mama akipepeta mchele wa Rujewa na chiriku wakishuka kutoka kwenye mparachichi kugombania chenga. Mmoja, wa njano iliyokolea, nilimhesabu kuwa wangu. Kila asubuhi alitua kwenye kamba ya nguo akaimba, nami niliamini ananiimbia mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sekela, mtoto wa mama mdogo, alikuwa ameletwa kwetu asome. Akapewa nusu ya kitanda changu na, kwa macho yangu, zaidi ya nusu ya mama yangu.

Asubuhi moja chiriku alikuja kichwa kitupu, shingo kama ya kuku aliyetiwa maji ya moto. Hakuimba. Jioni nikakuta manyoya ya njano ndani ya daftari la Sekela, yamepangwa vizuri.

"Umemnyonyoa!"

"Hapana, dada. Nimeyaokota tu pale chini ya mti."

Sikumwamini. Siku nne nilikula naye sahani moja, nikimtazama anavyotafuna. Jumamosi mchana, kesho yake akiwa na komunyo ya kwanza, nilijifungia chumbani na mkasi. Nikalishusha gauni lake jeupe, aliloshonewa na mama yake, nikang'oa lesi kipande kwa kipande, kuanzia shingoni. Nilitaka lifanane na yule ndege. Siwafichi: nilisikia raha.

Jumapili Sekela alikwenda kanisani na sare ya shule, katikati ya wenzake waliovaa nguo nyeupe pe. Mama alipouliza nani kafanya vile, Sekela alinitazama mara moja tu.

"Labda panya, mama mkubwa."

Nikacheka moyoni. Ananiogopa!

Baada ya wiki chache chiriku alirudi na manyoya mapya, akiimba.

"Ndege wakishalea makinda hunyonyoka," mama alisema, mikono haikuacha ungo. "Kisha yanaota mengine."

Kumbe aliyaokota kweli yale manyoya. Lakini Sekela sikumwomba msamaha.

Nilipoanza sekondari nilipelekwa Iringa, kwa shangazi. Siku moja binti yake alivunja chupa ya chai, akaninyooshea kidole. Nilifungua mdomo kujitetea, nikamwona shangazi anapakua ugali, sahani yangu ikiwa ya mwisho.

"Ni mimi, shangazi. Nisamehe."

Ndipo nikamwelewa Sekela. Hakuwa akiniogopa. Alikuwa anaishi kwetu.