Barua ya Akina Threlbeck

Iko Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiifikiria mpaka leo kikombe cha chai hukiweka chini. Nilisimama kanisani, hapa Kibera, barua mkononi, nikasema maneno ambayo hakuna mtu aliyenituma kuyasema. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa na nguvu, nilikuwa na mdomo, na nilijiona najua. Nitakueleza yote bila kujipaka mafuta, kwa sababu nyinyi mnaokuja kuniuliza mambo ya ndoa mnaniona mzee nimetulia, mnadhani nilizaliwa hivi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Tulikaa upande unaopakana na mtaa wa Ayany, mimi na mume wangu Zakayo, binti yetu Dina, na Robai. Robai alikuwa dada yake Zakayo, kitinda mimba wa kwao. Nilipoolewa nilimkuta bado anang'oka meno ya utoto, wazazi wao wamekufa wote wawili, basi nikamlea mimi. Aliniita Mama Dina kama majirani. Akiugua aliniita mama tu.

Sasa, jina la familia hiyo lilikuwa Threlbeck. Usicheke. Wabukusu watupu, kutoka mashamba ya wazungu kule Trans Nzoia, na kwenye kitambulisho imeandikwa Threlbeck. Baba mkwe alizaliwa huko shambani, akafa Zakayo akiwa bado mvulana, kabla hajamfundisha mambo ya ukoo. Zakayo alijua tu kwamba babu yake naye aliitwa hivyo hivyo. Mimi ni Mmaragoli, nikasema hayo ni yao. Na nisidanganye, nililipenda lile jina. Ukilitaja ofisini, karani alikuwa anainua kichwa.

Mwaka mmoja Zakayo alipita mtihani wa useremala, na majina ya waliopita yakatoka gazetini. Miezi ikapita, ikaja barua kutoka Uingereza kwa sanduku la posta la shule ya ufundi aliyosomea. Mimi niliishia darasa la nne, na Kizungu cha Zakayo kilikuwa cha kununulia misumari. Tukaipeleka kwa mwalimu mmoja tuliyemfahamu, alikuwa anakaa mtaa wa Olympic, akatusomea.

Mwenye kuandika alikuwa mzee aliyestaafu, naye pia ni Threlbeck, na jina la Zakayo alikuwa ameliona katika lile gazeti. Shughuli yake ya uzeeni ilikuwa kuwatafuta Threlbeck wote wa dunia, kwa kuwa ni wachache mno. Hata huko kwao, alisema, mtu anaweza kuishi mpaka afe asikutane na mmoja. Jina lilianza katika bonde moja la kaskazini, kwa mfuga kondoo aliyejenga kando ya kijito, na kijito ndicho kilichompa jina. Watoto wake na wajukuu wake ndio waliolitembeza. Alikuwa amechora ramani. Kwenye lile bonde vidoa vya wino vilijaa kama kinyesi cha nzi. Kisha vinne vitano katika mji wa machimbo ya makaa ya mawe, kimoja bandarini, viwili Kanada, kimoja Australia. Na huku kwetu, Nairobi, kiduara cha penseli na alama ya kuuliza.

"Anasema wote wenye jina hili ni damu moja," mwalimu akatuambia. "Halafu hapa mwisho anauliza, nyinyi mlilipataje?"

Lile swali nililisikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani ya nyumba. Nilichobeba mimi ni damu moja. Ramani nikaitundika ukutani juu ya kabati la vyombo. Mgeni alikuwa hajakaa bado, nimeshamwonyesha.

Robai akakua. Alishona sare za shule kwenye kibanda kimoja karibu na reli, na Jumapili aliimba kwaya. Siku moja akarudi kutoka kwa mkutano wa kwaya, hata viatu hajavua.

"Mama Dina, nimepata mtu. Na huwezi amini anaitwa nani."

"Nani?"

"Hezron Threlbeck!" Akacheka mpaka akashika mlango. "Nikiolewa sibadilishi hata kitambulisho. Serikali imeniokolea foleni."

Huyo Hezron alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, kijana wa Kawangware, upande wa Satellite. Naye alikuwa yatima. Alilelewa na nyanya yake, Nekesa, aliyeuza makaa, na kila mtu alimwita Kukhu, ndiyo nyanya kwa Kibukusu. Mimi sikucheka. Kwetu, mwanangu, watu wa ukoo mmoja hawaoani. Hilo si jambo la kujadiliana, ni mwiko, na mtoto wa ndoa kama hiyo watu walimwogopa kama moto. Niliogopa kweli, usidhani nilikuwa na chuki. Nikamwonyesha Robai ukutani.

"Huyo ni ndugu yako."

"Ndugu wa kutoka wapi, na nimemjua juzi? Wee Mama Dina, acha mchezo."

Hezron alikuja na mkate na sukari, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayengoja sindano. "Mama, Kukhu anasema mje mketi. Watu wa shambani anawajua wote, alikuwa huko. Miguu ndiyo imemkataa, angekuja mwenyewe."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

Zakayo alikuwa amepata kazi Naivasha, ya kutengeneza milango ya nyumba za wafanyakazi, miezi miwili. Asubuhi ya kuondoka aliniambia, "Respa, mambo ya ukoo wetu siyajui, na wewe hujui. Nenda umwone yule nyanya. Neno lake likiwa sawa, waache waoane."

Sikwenda. Salamu ya Kukhu ilikuja mara ya pili, ikaja mara ya tatu, na kila mara nilikuwa na nguo za kufua. Ukweli ni kwamba nilimdharau. Mwanamke wa makaa, hajui hata kushika kalamu, ataniambia nini ambacho mzee wa Uingereza hajaandika? Mimi, niliyesomewa barua kama mtoto! Waswahili wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao wangu sikuuacha tu, niliukanyaga nikipita kwenda kuutazama msala.

Wale vijana waliona kimya changu kimezidi, wakaenda kwa pasta. Jumapili ya kwanza majina yakasomwa, hakuna aliyesema kitu. Jumapili ya pili pasta akasoma tena, akauliza kama yupo mwenye sababu ya kuzuia ndoa hii, na alikuwa tayari anafungua kitabu cha nyimbo, kwa maana hakuna mtu husimama. Nikasimama.

Nilisema hawa ni ndugu. Nilisema ushahidi ninao, umetoka kwa mzungu mwenyewe mwenye jina. Nikainua ile barua juu watu waione. Nyuma yangu mama mmoja akasema "Uwii!" na mwingine akaanza kucheka, si kwa furaha, unajua kile kicheko. Robai alikuwa mbele na kwaya. Hakunitazama mimi. Alitazama viatu vyake, kama mtu aliyeangusha kitu hajui ni nini. Pasta akafunga kitabu, akasema jambo hili lisimame kwanza.

Tukarudi nyumbani Robai mbele, mimi nyuma. Akangoja Dina atoke kwenda kuchota maji.

"Nina miezi mitatu, Mama Dina."

Nami nikamjibu, "Mtoto wa mwiko hatazaliwa chini ya paa hili."

Ulimi hauna mfupa, ndiyo sababu unaweza kugeuka kila upande. Lakini wangu siku hiyo haukugeuka kokote. Nilisema hivyo, nikaendelea kuchagua maharagwe.

Hakulia, hakubishana. Ijumaa alikwenda kwa mwanamke mmoja upande wa Lindi, humu humu Kibera, aliyekuwa akipika mitishamba ya kuharibu mimba. Akarudi akalala, akasema ni malaria. Nikampikia uji. Jumamosi mchana nilipomgeuza nikaona godoro. Majirani wakang'oa mlango wa nyumba, wakambeba juu yake mpaka barabarani kutafuta gari la hospitali. Nilikuwa nimemshika mkono. Akaniambia polepole, "Ile aibu yako nimeitoa." Hatukufika mbali.

Na nikwambie ovu lenyewe, kwa sababu hakuna mwingine atakayekwambia. Nilipofahamu alichokuwa amefanya, kabla sijaona kwamba roho inamtoka, moyo wangu ulipumua. Kidogo tu. Nilisema ndani yangu, basi limekwisha. Mungu aliona, nami niliona.

Zakayo alifika kutoka Naivasha kesho yake. Tukiwa kwenye matanga, mchana, watu wamekaa kwenye viti vya kuazima, tukasikia magurudumu. Ni Hezron anasukuma mkokoteni wa makaa kutoka Kawangware, na juu yake, ameketi kwenye gunia, Kukhu Nekesa. Alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tano, na miguu imevimba. Hezron akambeba, akamkalisha mbele ya Zakayo. Kukhu hakunisalimu.

"Babu yako aliitwa nani?" akamuuliza.

"Threlbeck, Kukhu."

"Huyo alikuwa mzungu. Nakuuliza babu yako."

Zakayo akatikisa kichwa.

"Babu yako alikuwa Makokha, Omulunda, mtu wa ukoo wa Balunda. Mrefu, mwenye pengo hapa. Mume wangu alikuwa wa ukoo wa Bakhone. Walifika kwa lile shamba mwezi mmoja. Mzungu wa kwanza kutuandika alikuwa hana wakati na majina yetu, yalimchosha ulimi. Vibarua wote akawaandika jina lake kwenye kipande, kile cheti cha kazi cha kuning'iniza shingoni, na ukikipoteza wewe ni mwizi. Kulikuwa na Mturkana wa kuchunga pale, naye Threlbeck. Kulikuwa na Mnandi, naye Threlbeck. Hao nao ni damu yako?"

Akajipiga paja kwa kiganja.

"Ng'ombe wake wote walikuwa na chapa moja pajani. Mtu akiona chapa atasema ng'ombe wale walizaliwa na mama mmoja? Hata ndama anajua mama yake." Ndipo akanigeukia. "Balunda na Bakhone wameoana tangu kabla mzungu hajaota njia ya kuja huku. Nilikutumia salamu mara tatu, wewe binti. Ulifikiri nataka kukuomba unga?"

Nilitaka kusema nisamehe, Kukhu. Nikaishia kuitazama miguu yake. Akaniambia tena, sauti ya chini, ya kunionea huruma, na hiyo ndiyo iliyonikata zaidi: "Ulikuwa na mtu wa kuuliza. Sisi wengine tuliandikwa tukiwa hatuna wa kumuuliza."

Robai tulimzika kwenye makaburi ya Lang'ata. Wabukusu humpeleka mtu wao akalale kwao, hilo unalijua. Lakini kwao ni wapi? Shamba liliuzwa zamani, vibarua wakatawanyika, na siku zile hakuna Mlunda hata mmoja aliyejua kwamba tupo. Threlbeck wa Uingereza wana bonde zima na kijito chao. Threlbeck wetu hakuwa na futi sita za kumlaza msichana. Zakayo alichonga msalaba mwenyewe, akaandika Robai Makokha. Hezron alisimama mpaka udongo ukaisha, akamchukua nyanya yake, wakaenda. Hajawahi kuniambia neno, zuri wala baya. Tuliishi na Zakayo miaka mingine kumi na sita mpaka alipokufa. Alikula chakula changu, hakunipiga, hakunitukana, na jina la dada yake hakulitaja tena nikiwa chumbani.

Yule mzee wa Uingereza hakunikosea. Alichora alichokijua, na pale asipojua aliweka alama ya kuuliza kwa penseli, kama mtu muungwana. Mimi ndiye niliyechukua swali nikalifanya jibu. Nilimwomba mwalimu amwandikie kwamba huku jina lake halikuja kwa damu, lilikuja kwa kipande, na kwamba afute kile kiduara. Sijui kama barua ilifika. Hakujibu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Wazee walisema penye wazee haliharibiki neno, nami naongeza: wawe wameitwa. Mzee asiyeulizwa ni kisima kilichofunikwa, utakufa kiu umekikalia. Ukitaka kujua mtu ni wa nani, usisome kitambulisho chake, muulize aliyemjua nyanya yake. Majina mengi tunayoyabeba tulivishwa, na aliyetuvisha hakutupima. Na kama una neno la kuvunja ndoa ya mtu, au la kumfukuzia mtoto ambaye hajazaliwa, litafute kwanza mpaka mwisho wake, kwa miguu yako, ukaulize, ukae, unywe chai ya mtu unayemdharau. Kutoka kwetu hadi Kawangware ni mwendo wa saa moja na kidogo. Sikuutembea. Na akija kwako msichana na tumbo, hata kama umeshika ushahidi wa dunia nzima, mfungulie mlango kwanza. Mengine mtayazungumza akiwa hai.

Basi nenda. Mungu akupe miguu myepesi ya kwenda kuuliza na mdomo mzito wa kuhukumu. Akupe watu watakaokwambia ukweli ukiwa bado na wakati wa kuutumia. Mtoto wako azaliwe, aitwe kwa jina la mtu aliyependwa, na awepo wa kumweleza ni nani. Na siku utakayolala, walalao kando yako wawe ni watu wako.