Zamu ya Mama

Siku ile tulikuwa wanne uwanjani: mimi niliyekuwa na miaka kumi na saba, mdogo wangu Zawadi wa miaka kumi na miwili, kitinda mimba wetu Baraka wa miaka minane, na Mama, ambaye tulikuwa tumemzika Februari. Namhesabu Mama kwa sababu kiangazi kile chote tulimhesabu. Kisahani chake chekundu kilikaa juu kabisa katika mfuko wa nailoni aliokuwa akibebea mboga, na zamu yake ilifuata ya Baraka kama siku zote. Hadi leo nikisikia mnyororo ukigonga chuma, hata ikiwa ni mtu anafunga baiskeli mbele ya duka, husimama kwanza, nikingoja mtu ashangilie.

Tulikaa mtaa wa Jane na Finch, Toronto, ghorofa ya kumi na moja, kwa mama mdogo, aliyehudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee na kurudi akiwa hana nguvu hata ya kuvua viatu. Baba alitangulia zamani, Baraka hamkumbuki. Nyuma ya majengo yetu kulikuwa na bustani yenye uwanja mdogo wa gofu ya visahani: vikapu tisa vya chuma vyenye minyororo inayoning'inia, nawe unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Ulikuwa uwanja wa wanaoanza, njia fupi, nyasi zimekatwa, hauna kiingilio, na Mama aliupenda kwa sababu hakuna aliyejali ukikosea. Visahani vinne alivipata kanisani, kwenye mauzo ya vitu vilivyotumika, akaandika nyuma ya kila kimoja jina lake na namba yake ya simu. Ndivyo wachezaji wa mchezo ule wanavyofanya, ili anayeokota ampigie mwenyewe. Kisha akaweka sheria ambayo sidhani ilikuwepo katika uwanja mwingine wowote wa Toronto. Kuanzia kikapu cha kwanza hadi cha tisa ni Kiswahili tu. Neno la Kiingereza likikuponyoka, unaongezewa mtupo mmoja. Baraka alikuwa na mkono mzuri kuliko sote, lakini kila mara alimaliza wa mwisho kwa sababu ya ulimi wake.

Mama alipoondoka niliacha shule, nikaanza kufunga maboksi kwenye ghala moja la Downsview. Mama mdogo alilia, halafu akanionyesha basi la kupanda. Jumamosi tuliendelea kwenda uwanjani, na bila mtu kuamua, Baraka akawa anamrushia Mama. Mtoto ambaye nyumbani ukimsalimu kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, akishika kile kisahani chekundu alikuwa anakinong'oneza: "Mama, tulia, upepo unatoka kushoto." Na kwa kuwa Mama hakusema neno lolote la Kiingereza, hakuongezewa mtupo hata mmoja. Zawadi aliandika matokeo nyuma ya daftari lake la hisabati, akayasoma kwa sauti ya mtangazaji: "Mama ameshinda tena!" Mwanzoni tulicheka. Kisha Baraka akaanza kukiweka kisahani kwenye kiti cha Mama asubuhi, akakataa kugusa uji wake kabla Mama hajawekewa chai. Mimi ndiye niliyekuwa nikiimwaga chai ile, imepoa, kila siku kabla ya kwenda kazini.

Ilikuwa Agosti, kwenye kikapu cha saba, kile kilicho karibu na korongo. Nilikuwa nimefunga maboksi juma zima na mikono yangu ilinuka gundi.

"Dada, sogea. Umesimama mbele ya Mama," Baraka akasema.

Nikasogea.

"Bado. Kivuli chako kinamsumbua."

"Mpishe, Dada, usije ukamkosesha bingwa," Zawadi akatania, penseli sikioni.

Nikawaambia, kwa Kiingereza, kwamba Mama amekufa na wafu hawachezi. Zawadi akafungua daftari bila kuniangalia. "Dada, mtupo mmoja," akasema polepole, akaandika. Basi nikampokonya Baraka kisahani, nikakirusha kwa nguvu zangu zote. Kikapu kilikuwa kulia; mimi nilielekea kushoto. Sijawahi kurusha vizuri namna ile. Kilipaa, kikavuka miti, kikazama korongoni, na hatukusikia kikianguka.

"Nilitaka kumsaidia," nikasema. "Upepo umekichukua."

Tulitafuta vichakani mpaka miguu ikachanika. Nilitarajia Baraka alie. Yeye akasema tu, "Namba yake ipo nyuma. Watapiga." Tulipofika nyumbani aliichaji simu ya Mama, akaiweka kwenye dirisha la jikoni, mahali ambapo mtandao hushika vizuri.

Walipiga Jumatano, asubuhi niliyokuwa sina zamu. Wadogo zangu walikuwa wameshuka chini kufua. Sauti ya mzee, changamfu, ikauliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye Anjelina, jina lililo nyuma ya kisahani. Watu wote walisema nina sauti ya Mama. Nikajibu ndiyo. Labda nilitaka abaki mtu mmoja duniani ambaye hajui. Akasema amekiokota korongoni na atakiacha kwenye kikapu cha kwanza ili nikichukue nikipata nafasi. Akanitakia mchezo mwema, nami nikamshukuru kwa sauti ya marehemu.

Nikakitazama kiti cha Mama. Kilikuwa kitupu, na asubuhi ile Baraka alikuwa amekunywa uji wake bila kungoja mtu, kwa mara ya kwanza tangu Februari. Nikaifuta namba ya yule mzee kwenye simu, nikairudisha dirishani, nikaosha vyombo. Sikwenda. Jumamosi Baraka alitutangulia mbio hadi kikapu cha kwanza, nami nikamfuata kwa hatua fupi hadi nilipoona kuwa ni kitupu. Nilishukuru. Hilo ndilo linalonirudia zaidi, kwamba nilishukuru.

Sasa Baraka ni fundi umeme, ana miaka ishirini na minne, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Zawadi ni muuguzi. Mimi bado nipo ghala lile lile, ingawa siku hizi nasimamia wengine. Uwanja umewekewa vikapu vipya, na watoto wa watu wanapiga kelele humo kwa Kiingereza bila kuongezewa chochote. Daftari la Zawadi ninalo. Ukurasa wa siku ile una mtupo wangu wa ziada, lakini sheria ya Mama iliishia kikapu cha tisa, haikufika jikoni, kwa hiyo yale niliyosema kwenye simu hayakuandikwa popote.

Laini ya Mama haijawahi kukatwa. Baraka ndiye anayeilipia tangu mshahara wake wa kwanza, na hutembea nayo katika simu ya pili, mfuko wa koti. Jumapili iliyopita tukiwa mezani kwangu iliita. Akainuka kuipokea, amenyooka kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake. "Ndiyo, ni namba yake," akasema. Ilikuwa ni muuza intaneti. Akaketi, akatabasamu kidogo.

"Ipo siku watapiga, Dada."

Walishapiga, na niliyepokea ni mimi. Maneno hayo machache ninadaiwa naye tangu akiwa na miaka minane. Nilichukua sahani yake, nikamwongezea wali.