Kumfuata Aliyezama Mwakitolyo

Sikuondoka Didia kwa kupenda matembezi. Jumanne alfajiri nilimpigia simu mdogo wangu Masanja, anayechimba dhahabu Mwakitolyo, nimkumbushe kwamba pamba imeshapasuka na mikono ya kuchuma haitoshi. Akapokea mwanamke nisiyemjua.

"Masanja kazama tangu usiku," akasema. Simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, haikupatikana.

Kwetu wakulima, kinachozama ni ng'ombe kwenye tope la lambo, au mtu kwenye mto uliofurika. Aliyezama tangu usiku haulizwi tena hali yake. Mke wangu nilimweleza ukweli. Mama nilimdanganya kwamba naenda tu kumsalimia Masanja. Gari la huko lingepita mchana, na mimi kukaa nikilisubiri nisingeweza. Nikafunga pampu na michembe, vile viazi vikavu vya njiani, kwenye karia, nikapanda baiskeli.

Saa tatu, nikiwa nimeshaipita Iselamagazi, upepo wa kiangazi ulianza kuvuma. Ulitoka mashariki nami nilielekea kaskazini, kwa hiyo ulinipiga ubavu wa kulia bila kupumzika. Mbuga ile iko wazi, mpunga umeshavunwa, hakuna hata kichaka cha kujikinga. Kila nilipojiweka sawa ulinisukuma kwenye mchanga wa pembeni. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili mnyororo ulichomoka, nikahangaika nao hadi nikataka kulia.

Kichwani hakukuwa na amani. Nilimkasirikia Masanja, nikamwombea, nikamkasirikia tena. Nikajikuta napanga mambo ya ajabu: nani atamwosha, atasafirishwa na nini, mama nitamwambia nikiwa nimesimama au nimekaa. Halafu nikajikaripia kwa sauti kubwa. Wachunga ng'ombe wawili walinitazama, wakasogeza ng'ombe wao mbali na barabara.

Saa saba nilifika Solwa nikiwa mwekundu kwa vumbi. Nikaomba maji kwenye mji wa mzee mmoja aliyekuwa anasokota kamba mlangoni. Majirani walimwita Baba Kulwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Na upepo huu, unakimbilia wapi?"

"Mwakitolyo. Mdogo wangu amezama."

Akavua kofia. "Pole sana. Mwili mmeupata?"

"Bado sijui."

"Yale mashimo yatatumalizia watoto," akasema, akamwita mkewe. Mama yule aliniletea maziwa ya mgando na kusimama mbele yangu mpaka nikamaliza kibuyu. "Kunywa, baba. Msiba unataka nguvu."

Mpaka hapo nilikuwa nimebakiza tumaini kidogo. Kwa pole ile liliisha, nikaondoka Solwa nikiwa mfiwa kamili.

Saa tisa na robo niliingia Mwakitolyo. Maturubai yalikuwa yanapigwa na upepo, makarasha yanasaga mawe kwa kelele, na watu wanapishana kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo liliniuma. Nilimsimamisha mchimbaji aliyebeba gogo begani.

"Namuulizia Masanja wa Didia. Nimeambiwa amezama."

"Yuko duara lile pale lenye turubai la bluu. Msubiri, wanatoka saa kumi."

"Wanatoka wapi?"

Akalitua gogo, akanitazama vizuri. "Kaka, wewe mgeni. Huku kuzama ni kushuka shimoni kufanya kazi. Mimi mwenyewe jana nimezama mara mbili, na hivi nina njaa."

Mlidhani nilicheka? Nilikaa chini palepale, nikashukuru Mungu kwa Kisukuma. Kisha nikaenda kwenye lile duara, yaani shimo lenyewe, nikachungulia. Niliona magogo machache yaliyoshikilia kuta, kamba moja, na giza. Hofu ikarudi upya. Saa kumi ikafika, hakutoka mtu. Saa kumi na nusu ikafika, na mimi nimeshajua maneno yote ya kumwambia mama.

Ndipo kamba ikakaza. Wakavutwa wawili, na wa tatu alikuwa Masanja, tope mpaka kwenye kope. Aliponiona, uso ulimbadilika.

"Shikamoo, kaka. Mama kapatwa na nini?"

"Mama mzima."

"Usinifiche!"

"Mama mzima, Masanja. Mimi nimekuja kukuzika wewe."

Aliposikia habari yote alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi hakikuacha upesi. Aliyepokea simu ni Mama Neema, mpishi wao, na simu ilizimika kwa kukosa chaji. Nilimpiga konzi, nikamkumbatia na tope lake, nikalia mbele za watu. Nikamsihi turudi wote.

"Pamba nitakuja kuchuma Jumamosi," akasema. "Lakini duara siliachi, kaka."

Kesho yake asubuhi alinisindikiza mpaka barabarani, akarudi kazini. Sasa upepo ulikuwa umegeukia kusini, ukanipiga kifuani, na nilitembea kwa miguu sehemu kubwa ya njia nikikokota baiskeli. Nilipita kwa Baba Kulwa kumpa habari njema. Alifurahi sana, akapiga makofi. Kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa hivi yuko huko huko chini?" Nikamjibu kwamba yuko huko. Akavua kofia tena.

Nilichojifunza ndicho hicho. Neno la wachimbaji na neno letu wakulima yana maana mbili tofauti, lakini shimo ni moja. Nyumbani nilimweleza mama kila kitu, naye hakucheka hata kidogo. Kiswahili chake ni cha salamu tu, lakini siku hizi saa kumi jioni ikifika anatoka nje, anasimama karibu na simu yangu, ananiuliza, "Katoka?"