Tisa Niliyoishusha Hadi Tatu

Siku hizi nikicheka mshono hauumi, kwa hiyo naweza kusema ukweli.

Nilifika hospitali moja hapa Minneapolis nimejikunja, nimeshika chini ya mbavu za kulia. Daktari akasema mfuko wa nyongo umevimba, ila kabla ya kuamua kama ni dawa tu au kisu, lazima wajue umevimba vibaya kiasi gani. Nesi akaniuliza kwa Kiingereza: kuanzia sifuri hadi kumi, ninaumia kiasi gani, na tangu lini?

Mimi nimekulia sokoni, na sokoni hakuna anayeanza na bei ya mwisho. Maumivu yalikuwa tisa, nimeyahesabu mara mbili. Nikasema tatu, nikitegemea apandishe, tukutane kwa tano, nipewe vidonge nirudi zangu nyumbani, Richfield. Siku nne za kuumwa nikazifanya moja.

Hakupandisha. Aliandika tatu, akanipima homa.

Mke wangu akapiga simu. Nikamjibu kwa Kiswahili, bila wasiwasi, nesi akiwa pale pale kando yangu: “Tulia, Mama Wairimu. Tisa nimeishusha hadi tatu, na siku tatu nzima nimezificha. Hawa watu hawajui kupatana bei hata kidogo!”

Nesi akaacha kuandika.

“Baba Wairimu,” akasema, kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka kuliko changu, “siku nne na homa hiyo, leo hutarudi nyumbani. Haya, nipe simu niongee na mwenye akili.”

Simu ikasema kwa sauti kubwa: “Mpe!”