Mawaridi Aliyopewa Binamu

Kila nikisikia harufu ya marashi hapa mjini kwetu Ibra, nalikumbuka lile jumba la mabwana wa kale, Uingereza, ami yangu alikotupeleka matembezi mimi na Bibi. Bibi alishikana mkono na binti wa ami, aliyezaliwa hukohuko, maana yeye ndiye aliyejua kumsomea vibao. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba mkoba, roho inaniuma.

Kwenye bustani, waliyoipanda upya ikawa kama ya zamani, Bibi akaona mawaridi yamepukutika. Akainama kuyaokota, akayatie kwenye sanduku la nguo zinukie, kama kawaida yake.

"Bibi, wacha! Watu wanatuangalia!" Binamu akamwachia mkono.

Weee, nilifurahi! Nikapiga magoti, nikaokota mpaka mtandio wangu ukajaa.

Bibi akayanusa, akayafunga kwenye leso, akampa binamu.

"Bibi! Si nimeokota mimi?"

"Najua, mjukuu wangu. Lakini mwenzio anabaki huku. Wewe unarudi na mimi."

Nikanuna mpaka ndani ya ndege. Bibi aliniegemea begani, akalala safari nzima, na mimi bado nayawazia yale mawaridi.