Kioo Kinene cha Aabo

Bati likichomwa na jua lina harufu yake, na harufu hiyo hunirudisha soko la Rhamu, kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa. Mchuuzi alikuwa na sanduku la bati, limejaa miwani kuukuu. Mimi mbali sikuona kitu. Mbuzi akisogea hatua ishirini, anageuka ukungu. Shuleni nilikaa muhula mmoja, ubao sikuuona, nikaitwa mjinga. Aabo, baba yangu, alikuwa mfugaji. Akaibana miwani moja baada ya nyingine kwa vidole, kama anayetafuta mafuta kwenye mkia wa kondoo, akachagua ile nene kuliko zote, akamtoa beberu wake kuilipia.

“Hii ina nguvu. Vaa. Unamwona ngamia yule?”

Niliona tope la rangi ya chai. Lakini beberu alikuwa ameshakwenda. “Namwona, Aabo.”

Kwa neno hilo akaniachia mbuzi peke yangu. Wiki nzima niliwachunga kwa masikio, kichwa kinaniuma, napepesuka. Siku ya nane nilikuwa nakiita kichuguu nikidhani ni mbuzi, na fisi wako upande wa pili. Walikufa mbuzi sita. Aabo hakunipiga. Alinivua miwani tu. “Kama kioo kinene hivi kimeshindwa, basi macho yako yamekufa.” Hakunituma tena popote, si malishoni, si shuleni. Amekufa akiamini hivyo. Sikumwambia kwamba nilidanganya.

Nimeuza maziwa ya ngamia hapa Garissa mpaka nikajenga nyumba ya mawe, na kusoma najua jina langu tu. Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu Hodan kwa fundi wa miwani. Nilipomsimulia miwani ya Aabo, kijana yule akanieleza: unene si nguvu. Kwanza jicho hupimwa, lipate namba yake. Ile ya Aabo, iliyovimba katikati, ilikuwa ya mzee ya kusomea. Asiyeona mbali, kioo chake hunenepa pembeni. Namba ndogo, cha kawaida kinatosha. Namba kubwa kama ya Hodan, unachukua kile kilichotengenezwa chembamba, na fremu ndogo, pua isichoke.

“Mpe chembamba,” nikasema.

Akamvisha vioo vya kujaribia. “Unaona?”

“Naona, ayeeyo,” Hodan akanijibu mimi haraka, macho yako usoni kwangu, si ukutani.

Nikamgeuza mlangoni. “Mimi bibi yako nilimwambia baba yangu hivyohivyo. Nisomee kibao cha duka lile.”

Akakodoa macho, kisha akaniangalia tena usoni. Nikamwambia kijana apime upya. Mimi hakuna aliyeniuliza mara ya pili.